Marejea Nyuma ya Uzio

Bamia ndizo zilizotangulia kutoa habari. Mwishoni mwa Mei, katika bustani iliyo nyuma ya nyumba moja mjini Plano, kaskazini mwa Dallas, mibamia iliyopandwa Aprili ilianza kunyauka kila adhuhuri na kuinuka tena jua lilipotua, kama mgonjwa anayejikaza mbele ya wageni. Majani ya chini yaligeuka manjano. Mzee aliyeipanda, mwalimu mstaafu kutoka kijiji kilicho jirani na Peramiho mkoani Ruvuma, aliongeza maji, akaongeza mboji, kisha asubuhi moja akang'oa mche mmoja na kuisuuza mizizi yake kwa mpira wa maji. Ilikuwa imevimba vifundo, vingine vidogo kama mtama, vingine vikubwa kama punje ya hindi, vimefuatana kama ushanga uliotungwa na mtu mwenye haraka.

Binti yake, muuguzi wa zamu za usiku, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini.

"Shikamoo, Baba. Ni ugonjwa gani huo?"

"Marahaba, mwanangu. Minyoo fundo. Tulikuwa nao kwenye bustani ya shule, kwenye nyanya."

"Minyoo? Mbona sioni mnyoo?"

"Hutamwona. Utaona nyumba yake tu."

Mzee alikuwa amewasili mwishoni mwa Machi kwa ruhusa ya miezi sita. Jina la Plano limetokana na neno la Kihispania lenye maana ya tambarare, na udongo wa tambarare hiyo aliutambua siku ya kwanza. Ulikuwa mfinyanzi mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, ndugu wa udongo wa mbuga anaoufahamu kila mkulima wa Tanzania. Udongo huo ulilimwa pamba kwa miongo mingi kabla ya kufunikwa kwa barabara na nyumba za matofali. Kwa kuwa ulimshinda kuuchimba, binti alikuwa amejenga matuta mawili ya mbao na kuyajaza udongo laini wa kununua, wenye mchanga mwingi. Ulaini huo huo aliounuliwa udongo ndio ulioifaa minyoo. Kiumbe huyo husafiri katika utando mwembamba wa maji uliomo baina ya chembe za udongo, na mchanga humpa njia pana kuliko mfinyanzi. Kama alikuja na udongo wenyewe au na miche ya nyanya iliyonunuliwa mwaka uliotangulia, hakuna aliyeweza kusema.

Minyoo fundo wa jenasi ya Meloidogyne ni wadudu wa siri. Mtoto wake anayetafuta mzizi hafikii nusu milimita kwa urefu. Huingia karibu na ncha ya mzizi changa, akachagua mahali, akatema ute unaozilazimisha chembe hai za mmea kuvimba na kuwa majitu ya kumlisha. Baada ya hapo jike hahami tena. Huvimba mithili ya pea ndogo na kutaga mayai kwa mamia katika donge la utelezi. Katika udongo wenye joto la Juni, kizazi kimoja hukamilika kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Miles Joseph Berkeley, kasisi Mwingereza aliyekuwa pia mtaalamu wa kuvu, aliandika juu ya vifundo hivyo mwaka 1855, baada ya kuviona kwenye mizizi ya matango yaliyooteshwa katika nyumba za vioo. Tangu hapo wataalamu wameitambua minyoo hiyo kwenye mazao mengi sana, na bamia ni miongoni mwa yale inayoyapenda kupita kiasi.

Jioni ile binti alikwenda dukani kutafuta dawa. Hakupata. Kulikuwa na dawa za sisimizi, za konokono na za magugu, lakini ile ya kufukiza udongo na kuua minyoo haikuwapo kwa mwenye bustani ya nyumbani. Rafu hiyo tupu ina historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita katika jimbo lile lile la Texas, mwendo wa saa nne kwa gari kuelekea kusini.

Tangu miaka ya 1950, kampuni za Dow na Shell zilitengeneza na kuuza dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo dibromokloropropani, kwa kifupi DBCP. Iliwafaa sana wakulima wa mananasi, wa matunda na wa ndizi. Mwaka 1977, wafanyakazi wa kiwanda kimoja kilichoichanganya dawa hiyo huko Lathrop, California, walianza kuulizana kwa nini wake zao hawashiki mimba. Vipimo vikaonyesha kwamba wengi wao walikuwa na mbegu chache mno za uzazi, na baadhi hawakuwa nazo kabisa. Miaka miwili baadaye serikali ya Marekani ilisimamisha karibu matumizi yote ya dawa hiyo nchini. Kwenye mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kutumika. Mwaka 1984 wafanyakazi wa Costa Rica walifungua kesi mjini Houston dhidi ya kampuni hizo mbili, wakidai kwamba dawa hiyo imewafanya tasa. Kampuni zikaomba kesi ihamishiwe Costa Rica. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya juu ya Texas, katika shauri linalojulikana kwa jina la Castro Alfaro, iliamua kwamba sheria ya jimbo inawapa wageni hao haki ya kusikilizwa huko huko Texas. Mwaka 1993 wabunge wa jimbo waliibadilisha sheria, na mlango huo ukaanza kufungwa.

Binti aliyasoma hayo kwenye simu, ameketi jikoni, sare yake ya kazi bado mwilini. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa nje akichimba kwa mikono kando ya tuta.

"Baba," alisema, "sitaki kitu chochote cha kufukiza pale."

"Hata mimi sikitaki."

Siku mbili baadaye ililetwa chupa ya mafuta ya mwarobaini. Lilikuwa chaguo la kueleweka. Kwa mtu wa Afrika Mashariki mwarobaini hauhitaji utambulisho, kwa kuwa jina lenyewe linabeba hesabu ya maradhi arobaini. Elimu ya maabara nayo iliufikia mti huo kupitia jirani. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nchini Sudan nzige wakiyamaliza majani yote na kuiacha miarobaini ikiwa kijani. Mwaka 1968 watafiti huko Uingereza walitenga kutoka mbegu zake kampaundi iitwayo azadiraktini. Molekuli hiyo ina muundo mgumu kiasi kwamba kundi la Steven Ley wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilihitaji miaka 22 kuiunda maabarani, likafaulu mwaka 2007. Mti huiunda kila msimu bila kuagizwa. Mashudu ya mbegu za mwarobaini yakichanganywa na udongo kwa wingi hupunguza minyoo. Ila matone ya mafuta ndani ya ndoo ya maji, yakimwagwa juu ya tuta ambalo wadudu wamekwisha kujichimbia ndani ya mizizi, ni jambo jingine. Azadiraktini haidumu udongoni. Mwanga na vijidudu huivunja upesi. Chupa ilibeba jina la mti, lakini haikubeba wingi wa mti.

Mzee aliisoma lebo, akairudisha mezani, akauliza kama inawezekana kupata mbegu za marejea.

Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ina nafasi yake katika habari za mmea huo. Katika miaka ya 1980 Padre Gerold Rupper wa abasia hiyo aliupigania kwa maneno na kwa maandishi mmea wa jamii ya kunde, Crotalaria ochroleuca, ambao Kiswahili huuita marejea. Hukua haraka, hukaba magugu kwa kivuli chake, na mizizi yake hukusanya naitrojeni. Ukikatwa na kufukiwa, mahindi yanayofuata huupata urithi huo. Sikio la Mswahili husikia ndani ya jina hilo kitenzi kurejea, na wakulima waliouona udongo uliochoka ukirudisha nguvu hawakuhitaji kufafanuliwa. Mzee aliupanda pamoja na wanafunzi wake kwenye shamba la shule. Lengo lilikuwa mbolea. Habari ya minyoo aliigundua kando ya njia, alipoona kwamba nyanya zilizofuata marejea ziling'olewa na mizizi myeupe, na zile za upande wa pili ziling'olewa na vifundo. Sababu hakuijua, naye hakujifanya kuijua.

Sababu ziko zaidi ya moja. Minyoo fundo huweza kuingia katika mizizi ya aina nyingi za Crotalaria, ila hushindwa kula vyema na kuzaana. Tishu za mimea hiyo zina alkaloidi, na moja yao, monokrotalini, imepewa jina kutokana na jenasi yenyewe. Majani yaliyofukiwa huoza na kulisha kuvu na bakteria, na miongoni mwao wamo wanaoshambulia mayai ya minyoo. Ua la tagetesi, ambalo watu wengi hulipanda kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, lina njia yake. Mwaka 1958 wanakemia wa Uholanzi Uhlenbroek na Bijloo walitambua ndani yake kampaundi iitwayo alfa-tathienili, yenye nguvu ya kuua minyoo. Lakini kampaundi hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ndani na kando ya mzizi ulio hai. Majani yaliyosagwa na kumwagwa hayaleti matokeo yale yale. Katika mifano yote hiyo dawa haitenganishwi kwa urahisi na mmea unaoitengeneza, wala na wiki ambazo mmea unahitaji kuwa pale.

Wala asili si mwenzi wa usalama daima. Crotalaria spectabilis ililetwa kusini mwa Marekani kama mbolea ya kijani, ikageuka sumu kwa mifugo iliyokula mbegu zake. Mzee alilijua hilo kwa njia yake: mmea uliofundishwa kuwashinda wadudu haukuahidi kumhurumia ng'ombe.

Mbegu zilizopatikana Texas zilikuwa za Crotalaria juncea, zao linaloteshwa huko kufunika udongo wakati wa joto. Hapo ndipo ugomvi mdogo ulipozuka. Ili ifanye kazi, mimea hiyo ilihitaji kusongamana katika tuta kwa muda wa siku 60 hivi, yaani sehemu ya Juni, Julai yote na sehemu ya Agosti. Mibamia ingeng'olewa. Septemba mzee angepanda ndege.

"Baba, umekaa miezi miwili unazilea bamia hizi. Ukizing'oa sasa hutakula hata moja."

"Nitakula za sokoni."

"Na faida utaipata lini? Utakuwa umeshaondoka."

"Wewe utakuwepo, mwanangu."

Binti hakupendezwa na jibu hilo, na haikuwa kwa sababu ya bamia. Baba alikuwa na umri wa miaka 76. Kwa miaka saba alikuwa ameomba ruhusa ya kusafiri na kukataliwa, na majira haya ya joto ndiyo pekee ambayo familia ilikuwa na hakika nayo. Aliyataka yawe na sufuria ya bamia za mkono wa baba yake mezani, siyo tuta la majani yasiyolika. Walipatana kugawana. Tuta la kwanza likapewa marejea; la pili likabaki na mibamia yake na chupa ya mwarobaini. Mzee aliukubali mgawanyo huo kwa furaha ambayo binti aliielewa baadaye. Mwalimu hakuwahi kuliamini jaribio lisilo na kitu cha kulinganisha.

Mbegu ziliota siku ya nne. Mzee aliinama akatazama. Marejea ya kwao yana vijani vitatu vyembamba kwenye kikonyo kimoja. Haya yalikuwa na jani moja moja. "Binamu," alimwambia mjukuu wake. "Si yeye, ni binamu yake." Wiki tatu baadaye mtoto alikuja mbio na mche mkononi. Mizizi ilikuwa na vivimbe vidogo.

"Babu! Minyoo imeingia!"

"Lete ukucha wako. Haya, sukuma hicho kidogo."

Kivimbe kilianguka. Ndani yake kilikuwa na wekundu hafifu. Babu akachukua mzizi wa mbamia uliokauka, akamwambia ajaribu tena. Kifundo hakikubanduka, kwani kilikuwa mzizi wenyewe uliovimba. Kile cha kwanza ni nyumba ya bakteria wanaoulipia mmea kodi kwa naitrojeni. Hiki cha pili ni cha mpangaji asiyelipa. Mtoto alirudia jaribio hilo kwa siku nzima, hata marejea kadhaa yakapoteza maisha kwa ajili ya elimu.

Katikati ya Julai mimea ilipita urefu wa uzio. Jirani, mzee wa Kimarekani aliyekulia kwenye mashamba ya pamba magharibi mwa jimbo, alichungulia na kuuliza kwa adabu kama ile ni bangi. Alipoelezwa, alicheka, akaondoka, akarudi na mfuko wa mbegu za rai aina ya Elbon. Rai hiyo ilizalishwa na taasisi ya Noble huko Ardmore, Oklahoma, na jina lake ni Noble lililosomwa kinyumenyume. Wenye bustani wa Texas huipanda majira ya kupukutika majani na kuifukia mwishoni mwa baridi, kwa sababu minyoo fundo haistawi kwenye mizizi yake, na majani yake yakioza hutoa asidi zinazoidhuru. Wazee hao wawili hawakuwa na lugha moja iliyotosha. Walitumia mizizi, vidole na mtoto wa miaka tisa.

Mwezi ule ule tuta la pili lilitoa bamia, chache na ngumu, na binti alizipika. Lile la kwanza halikutoa kitu. Hiyo ndiyo bei ya dawa za mimea, nayo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye vitabu vinavyozisifu. Sumu ya dukani hulipwa kwa fedha na, mara nyingine, kwa mwili wa mtu wa mbali. Dawa ya mmea hulipwa kwa ardhi na kwa msimu. Familia yenye mshahara wa hospitali inaweza kulipa. Mjini Houston wamo wakimbizi kutoka Kongo wanaolima mboga kwenye viwanja vidogo kupitia shirika la Plant It Forward na kuziuza sokoni. Kwa mtu wa namna hiyo, tuta lililolala miezi miwili ni kipato cha miezi miwili. Mkulima wa viazi wa nyanda za juu za Kenya yumo katika hesabu hiyo hiyo. Anajua kwamba shamba lipumzishwe, lakini anarudisha viazi msimu baada ya msimu kwa sababu hana shamba jingine.

Huenda ndiyo maana kazi moja iliyochapishwa mwaka 2022 inastahili kukumbukwa hapa. Watafiti wa icipe ya Nairobi, wa IITA na wa chuo kikuu cha jimbo la North Carolina walizifunga mbegu za viazi kwa karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba. Karatasi hiyo huzinasa kemikali ambazo mizizi ya kiazi huzitoa na ambazo ndizo huwaita minyoo wa viazi. Mdudu hausikii mwito, na mkulima haachi shamba lake tupu. Hao walianza na mtu asiye na msimu wa kutoa, na swali la kemia likafuata.

Marejea ya Plano yalikatwa katikati ya Agosti, kabla mashina hayajawa magumu. Joto lilikuwa limezidi nyuzi 38. Mzee aliyakatakata kwa panga dogo, binti akayachanganya na udongo, mtoto akamwagilia. Mwishoni mwa Septemba walimsindikiza uwanja wa ndege. Maagizo aliyoacha yalikuwa mafupi: rai ya jirani ipandwe kwenye matuta yote mawili, ili tofauti itakayobaki iwe ya marejea peke yake, na bamia zirudi Aprili.

Julai iliyofuata binti aling'oa mbamia mmoja kutoka kila tuta, akailaza mizizi juu ya kitambaa cheupe na kutuma picha. Ule wa tuta la pili ulikuwa umejaa vifundo. Ule wa tuta la marejea ulikuwa na vichache, kwenye ncha. Aliandika kwa furaha. Jibu la Ruvuma lilikuja usiku, kwa sauti, na jogoo akisikika nyuma yake.

"Mmoja mmoja hautoshi, mwanangu. Ng'oa mitatu mitatu."

Mibamia ilikuwa katikati ya kuzaa. Aliing'oa hata hivyo. Mmoja kati ya mitatu ya tuta la marejea ulikuwa na vifundo karibu sawa na ile ya upande wa pili. Minyoo ilikuwa inarudi kutokea ubavu mmoja wa tuta. Baba yake hakusema kwamba jaribio limefaulu wala kwamba limeshindwa. Aliuliza ni ubavu upi, na kama kuna mbegu zilizobaki.

Zilikuwepo nusu mfuko, gereji, nyuma ya baiskeli. Baridi ya kwanza ilikuwa mbali, na siku 60 zilikuwa bado zinapatikana. Jioni ile, kabla ya zamu yake, binti aling'oa mibamia yote iliyobaki kwenye tuta la pili, yenye maua na yenye matunda. Mtoto alipita nyuma yake akidondosha mbegu katika mifereji, akizihesabu kwa Kiswahili mpaka kumi na kuanza tena.